Mume alikuwa na wazo, mke akashika vitabu: Kampuni ya bima ya magari iliyoanza na watu wawili

Gilgil ni mji wa barabara. Malori yanapanga foleni kwenye mizani, matatu za Nakuru na Naivasha zinapita mchana na usiku, Probox za Ol Kalou na Nyahururu zinatafuta abiria kwenye njia panda, na wikendi magari ya Nairobi yanasimama Kikopey watu wale nyama choma. Kila gari hapo linatakiwa na sheria liwe na bima. Sheria ya bima ya magari, Sura 405, haimwachii dereva nafasi ya kuchagua: bila angalau bima ya mtu wa tatu, ile sote tunaiita "third party", gari halifai kuwa barabarani.

Bima hiyo wengi wetu siku hizi tunailipa kwa simu. Unaingiza namba ya paybill, namba ya gari, kiasi, PIN, na kazi imeisha. Halafu mwaka unapita, unaitishwa tena, unalipa tena, na kama hukupata ajali unabaki ukijiuliza: hizi pesa zangu kwani huwa zinaenda wapi? Na kwa nini kampuni hii inaitisha nyingi kuliko ile, na gari ni lile lile?

Njia rahisi ya kuelewa ni kufuata kampuni moja tangu siku ya kwanza. Tumechagua moja iliyoanzishwa na mke na mume, kwa sababu tunajua wateja wetu wengi wanaendesha biashara wakiwa wawili hivyo hivyo: mmoja yuko nje anatafuta kazi, mwingine yuko ndani anahesabu. Kampuni yenyewe si ya hapa kwetu. Ni ya Marekani na inaitwa GEICO. Lakini ukiwa mtu wa Gilgil utaona mahali ilipoanzia hapako mbali sana na unapopajua.

Mji wa kambi na watu wa payslip

Gilgil ina kambi ya jeshi. Ina chuo cha NYS. Ina walimu, wauguzi na watu wa serikali ya kaunti. Ni mji ambao mwenye duka anajua tarehe ya mshahara kuliko anavyojua tarehe ya kuzaliwa kwake. Mtu wa payslip ana tabia yake: pesa zake hazibadiliki sana, anakaa kazini miaka mingi, na ukimkopesha unajua atalipa lini.

San Antonio, katika jimbo la Texas, ulikuwa mji wa aina hiyo, mji wa kambi. Mwaka wa 1922 maafisa 25 wa jeshi walikutana hapo wakiwa na shida moja. Kampuni za bima hazikuwapenda. Wanajeshi walihamishwa hamishwa kila mara, na makampuni yakawaona kama wateja wa kuleta hasara. Basi wale 25 wakakubaliana kukatiana bima wao kwa wao: gari la mmoja likigongwa, wote wanachangia kulitengeneza. Sisi hapa tungesema tu walianzisha chama. Chama hicho kilikua kikawa kampuni inayojulikana kama USAA, na ipo hadi leo.

Mmoja wa waliofanya kazi huko ni Leo Goodwin. Akiwa ndani, aliona mambo mawili ambayo wengine walikuwa wakiyapita tu. La kwanza, watu wa serikali na wanajeshi hawakuwa wateja wabaya kama ilivyosemwa. Waliendesha kwa uangalifu na ajali zao zilikuwa chache kuliko za watu wengine. La pili, kampuni nyingi za bima ziliuza kupitia mawakala, na kila wakala alikuwa na kamisheni yake. Mteja ndiye aliyeilipa kamisheni hiyo bila kuiona, maana ilikuwa imefichwa ndani ya bei. Goodwin akawaza: ukichagua kundi moja la watu wanaoendesha vizuri, ukawauzia moja kwa moja kwa barua ya posta bila wakala, bei inaweza kushuka na kampuni isiumie.

Mwaka ulikuwa 1936. Marekani ilikuwa bado katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi, benki zimefungwa kushoto na kulia. Leo alikuwa na umri wa miaka 50. Huo ni umri ambao wengi wanaanza kuhesabu miaka ya kustaafu, na yeye ndiyo kwanza anaanza kampuni. Ilifunguliwa Fort Worth, Texas, ikaitwa Government Employees Insurance Company, yaani kampuni ya bima ya wafanyakazi wa serikali. GEICO ni kifupi cha jina hilo tu.

Mtaji ulikuwa dola 100,000. Goodwin alitoa 25,000. Zile 75,000 zingine zilitoka kwa Cleaves Rhea, mwenye benki wa hapo Fort Worth. Kwa hivyo tangu mwanzo wenye wazo walikuwa na robo, na mwenye pesa alikuwa na robo tatu. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Sasa tuje kwa Lillian

Hadithi ya GEICO ikisimuliwa haraka, huwa ni ya Leo: Leo aliwaza, Leo alianzisha, Leo alifanikiwa. Lillian, mkewe, anapata sentensi moja. Sisi tunaona hapo kuna kosa la hesabu, kwa sababu Lillian alikuwa mtunza vitabu kwa taaluma, na bima ni biashara ambayo mtunza vitabu ndiye anayeamua kama itaishi.

Fikiria duka la kawaida. Mwenye duka ananunua unga kwa bei anayoijua, anauza kwa bei anayoijua, na jioni anaona faida au hasara. Bima imegeuzwa kichwa chini. Unapokea pesa leo, lakini gharama hujaijua. Utaijua miezi sita ijayo, gari la mteja likigonga ukuta, au miaka mitatu ijayo, kesi ya aliyegongwa ikiisha kortini. Pesa zinaonekana nyingi kwenye akaunti, na nyingi kati yake si zako. Ni za ajali ambazo bado hazijatokea. Mtu asiyejua kutunza vitabu ataziona, atafurahi, atanunua samani za ofisi, atashusha bei ili apate wateja zaidi, na siku madai yakianza kuingia atakuta hana kitu.

Lillian alichukua hesabu zote. Pia alishiriki kuweka masharti ya nani apewe bima na kwa bei gani, na alifanya kazi ya kutafuta wateja. Haya ni mambo matatu ambayo kampuni kubwa leo huyapa idara tatu zenye wakubwa watatu. Wawili hao walifanya kazi saa 12 kwa siku, siku 365 kwa mwaka, na mshahara wao kwa pamoja, yaani mke na mume wakijumlishwa, ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Wikendi Leo aliketi kujibu barua za wateja kwa mkono wake mwenyewe.

Tuangalie hizo dola 250 kidogo. Zilikuwa chache, ndiyo, lakini tunachopenda hapo ni kwamba ulikuwa mshahara. Ulikuwa na kiwango. Wenye kampuni hawakuwa wakichota kwenye pesa za wateja kila wakihitaji kitu. Ukiwa na biashara na mwenzako hapa Gilgil, iwe ni gari la abiria, duka la vipuri au car wash, hebu jiulize kama nyinyi mnalo hilo. Mara nyingi nauli ya siku inaingia kwenye laini ile ile ya baba watoto inayolipa karo, inayotuma pesa kwa shosho, inayonunua stima. Mwisho wa mwezi salio linasema elfu nne na hakuna anayeweza kusema kama gari lilileta faida au liliwala.

Kufikia mwisho wa 1936 kampuni ilikuwa na wateja 3,700 na wafanyakazi 12. Mwaka uliofuata walifunga virago wakahamia Washington. Sababu ilikuwa rahisi: wateja wao ni watu wa serikali, na watu wa serikali wengi walikuwa Washington. Ni kama mtu anayeuza mandazi ya saa nne kuhamia karibu na shule. Halikuwa jambo la ajabu, ila watu wawili wenye umri wao kuacha mji na kuanza upya haikuwa kitu kidogo.

Faida ya kwanza kutokana na kazi yenyewe ya bima ilikuja mwaka wa 1940. Ilikuwa dola 5,000 hivi. Miaka minne ya kulala ofisini, halafu dola 5,000. Kutoka hapo hawakupata mwaka wa hasara kwenye kazi hiyo kwa muda mrefu sana.

Mvua ya mawe

Mwaka wa 1941 mvua kubwa ya mawe ilinyesha Washington. Watu wa upande wetu wa Rift Valley wanaijua mvua ya mawe, wameona ikilaza mahindi na pareto kwa dakika kumi. Ile ya Washington ililalia magari. Maelfu ya magari yalivunjwa vioo na kubonyezwa mabati.

Kwa kampuni ya bima hiyo ndiyo siku inayoogopwa. Ajali za kawaida huja moja moja, na hesabu inajua kuzibeba. Mvua ya mawe inaleta madai yote asubuhi moja. Hapo ndipo kampuni nyingine huanza kutafuta maneno madogo kwenye mkataba. Na hata iliyo na nia nzuri inakwama, kwa sababu gereji zimejaa, vioo vimeisha, fundi anakuambia rudi baada ya wiki tatu.

Leo Goodwin alikwenda kwa wenye gereji akapatana nao wafanye kazi saa 24, na wafanye magari ya wateja wake peke yake. Akaagiza vioo vikaletwa kwa malori. Wateja wa GEICO wakarudishiwa magari yao baada ya siku chache huku majirani zao wa kampuni nyingine wakingoja kwa wiki kadhaa.

Aliyekuwa kwenye foleni akaona gari la jirani limerudi barabarani, hakuhitaji tangazo. Lakini tukio hili lina upande wa pili ambao hausemwi sana. Ili ulipe gereji zikeshe, na ununue vioo vya malori mazima kwa haraka, lazima pesa ziwe zimekaa mahali zikingoja. Wema wa Leo barabarani ulilipiwa na zile hesabu za ndani. Kama pesa zingekuwa zimeliwa, angebaki na maneno matamu tu ya kuwapa wateja.

Wenye pesa waliingia, wenye wazo wakatoka

Mwaka wa 1948 familia ya Rhea iliamua kuuza sehemu yake. Hapa ndipo ile hesabu ya robo na robo tatu ilipoonyesha makali yake: mwenye robo hawezi kumzuia mwenye robo tatu kuuza. Bahati nzuri aliyenunua alikuwa Benjamin Graham, mwalimu wa chuo na mwekezaji, na kampuni yake ilichukua nusu ya GEICO kwa takriban dola 712,500. Haikuharibika kitu. Lakini kwa mtu anayetafuta mbia wa kumwongezea pesa za kununua matatu ya pili, andikeni mapema nani anaweza kuuza nini, kwa nani, na bila kumuuliza nani.

Graham alikuwa na mwanafunzi mmoja mdadisi, kijana wa miaka 20 aitwaye Warren Buffett. Januari 1951, siku ya Jumamosi, kijana huyo alipanda treni kwenda Washington kuona hii kampuni ambayo mwalimu wake alikuwa na hisa ndani yake. Mlango ulikuwa umefungwa. Akagonga mpaka mlinda jengo akamfungulia. Ofisini kulikuwa na mtu mmoja tu, Lorimer Davidson, ambaye aliketi naye karibu saa nne akimfundisha bima inavyofanya kazi. Buffett aliweka zaidi ya nusu ya mali yake yote hapo, dola 10,282, kisha mwaka uliofuata akauza kwa dola 15,259 akaona amepata. Baadaye amekuwa akikiri hadharani kwamba zile hisa angezikalia miaka ishirini hivi zingefika dola milioni 1.3. Hata tajiri huuza ng'ombe kabla hajazaa.

Leo alistaafu mwaka wa 1958 na Davidson akachukua usukani. Lillian alifariki mwaka wa 1970, Leo mwaka wa 1971.

Na miaka mitano baadaye kampuni yao ilikuwa karibu kuzikwa pia.

Ilivyotaka kufa

Kilichotokea ni kile hasa ambacho vitabu vya Lillian viliwekwa kukizuia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ilifungua mlango kwa wateja wa kila aina, ikakimbilia kukua haraka. Kufungua mlango si dhambi, kila biashara inataka wateja wengi. Shida ni kwamba bei ilikuwa chini kuliko gharama ya hao wateja wapya, na akiba iliyowekwa kulipia madai haikutosha. Kwa muda hesabu zilionekana nzuri. Si tulisema bima inapokea leo na kulipa kesho? Basi kesho ikafika. Mwaka wa 1975 hasara ilikuwa zaidi ya dola milioni 126. Hisa ambayo iliwahi kuuzwa dola 61 ilishuka mpaka dola 2.

Mwaka wa 1976 aliletwa mtu anayeitwa Jack Byrne kuiokoa. Alipandisha bei, akafunga ofisi, akapunguza wafanyakazi na akakubali kupoteza wateja wengi. Kule New Jersey, ambako alikataliwa kupandisha bei, alirudisha leseni akaondoka. Kwa ufupi, aliirudisha kampuni kwa ile kazi ya kuchagua mteja, kumpa bei ya kweli na kuweka akiba. Buffett alirudi kununua hisa mwaka huo huo, na mwaka wa 1996 kampuni yake ya Berkshire Hathaway ikainunua GEICO yote.

Sasa mbona tunakusumbua na hasara za Marekani za miaka ya sabini? Kwa sababu sisi tumeiona filamu hiyo hiyo hapa nyumbani, na yetu haikuwa na Jack Byrne. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka wa 2005. Blue Shield ikafuata mwaka wa 2011. Zote mbili zilikuwa zimekata bima nyingi za matatu. Wenye magari walikuwa wamelipa, karatasi walikuwa nazo, na aliyegongwa na gari alikuwa na hukumu ya korti mkononi, lakini wa kulipa hakuwepo. Kampuni ikianguka, mwenye gari anaweza kujikuta yeye ndiye anayetafutwa.

Kwa hivyo mtu akikuletea bima kwa bei ya kutupa, usiishie kufurahi. Uliza bei imeshuka kwa nini. Wale wawili wa Fort Worth waliweza kushusha bei kwa sababu waliondoa gharama ya katikati na walijua wateja wao. Kampuni nyingine inashusha bei kwa sababu inahitaji pesa zako za leo kulipa madai ya jana. Kwenye simu yako bei zote mbili zinafanana. Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni iko kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, na waulize wenzako wa steji swali moja: hawa watu walimlipa nani mara ya mwisho, na ilichukua muda gani? Madereva wanajua. Jina la kampuni inayozungusha watu huwa halifichiki kwenye steji.

Simu imefanya kazi ya posta

Kilichofanywa na akina Goodwin kwa barua, wewe unakifanya kwa simu. Tangu pesa ya simu ianze Kenya mwaka wa 2007, umbali kati ya mteja wa Gilgil na ofisi ya bima ya Nairobi umekuwa sawa na namba ya paybill. Lakini hatutakudanganya kwamba kulipa moja kwa moja kunakupunguzia bei kila mara. Kampuni nyingine zinaweka bei ile ile, upitie wakala au usipitie. Wala si kila wakala ni wa kuepukwa. Wakala mzuri ndiye atakayekusaidia kujaza fomu ukiwa bado unatetemeka baada ya ajali. Anayestahili kamisheni apewe.

Kinachotusumbua sisi ni pesa inayoishia njiani. Kenya sheria inataka pesa ya bima ilipwe kwanza ndipo bima ianze kufanya kazi. Ile ya "nipe cheti, nitakulipa mwisho wa mwezi" haipo tena kisheria. Maana yake ni kwamba kama ulimtumia wakala pesa kwenye namba yake binafsi, na yeye hakuzifikisha, kwa kampuni wewe hujalipa. Utalijua hilo siku ya ajali. Kwa hivyo lipa kwenye paybill ya kampuni yenyewe, hata kama wakala ndiye aliyekuletea bei. Soma jina kwenye ujumbe wa uthibitisho. Likitokea jina la mtu badala ya kampuni, piga simu ofisini kwao uulize kabla ya jambo lingine lolote.

Tangu 2020 kile kibandiko cha zamani cha kwenye kioo kimeachia nafasi cheti cha kidijitali, kinachotumwa kwa simu au barua pepe. Kikifika, kifungue palepale. Angalia namba ya gari herufi kwa herufi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na jina la kampuni kama ni lile ulilolipa. Aina ya matumizi nayo iwe ya kweli: gari la nyumbani likipatikana na ajali huku limebeba abiria wa kulipa, kampuni ina sababu ya kukataa, na hapo huna wa kumlaumu.

Usishangae pia ukiona shilingi kadhaa juu ya bei uliyoambiwa. Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, bima ni 7,500. Kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, ambayo ni shilingi 15. Kuna asilimia 0.25 ya Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, shilingi 18 na senti 75. Na ushuru wa stempu, shilingi 40. Jumla 7,573.75. Huo mfuko ndio unaosaidia kampuni ikifa, lakini ujue una kikomo: hadi shilingi 250,000 kwa dai moja. Ni kitu, ila kesi ya mtu aliyeumia vibaya inaweza kupita hapo mara kadhaa.

Kwa walio wawili

Mkiwa mke na mume wenye gari la kazi, gawaneni kazi kama Leo na Lillian, na haijalishi nani ashike lipi. Mmoja anaendesha au anasimamia dereva. Mwingine anashika vitabu, na akisema pesa hii haiguswi, haiguswi. Nauli ziingie kwenye till au laini ya biashara, na mshahara wenu nyote wawili utoke hapo kwa kiasi mlichokubaliana na siku mliyokubaliana.

Ile 7,573.75 ya mfano wetu, ukiigawa kwa siku 365, ni kama shilingi 21 kwa siku. Kwa wiki ni 146. Itoeni kila Jumamosi jioni, gari likishaoshwa, muiweke kwenye akiba ya simu iliyopewa jina lake, "BIMA" tu, ili kila anayeifungua aone ni ya nini. Mwezi mmoja kabla ya cheti kuisha angalieni salio na muanze kuulizia bei kwa kampuni mbili tatu mkiwa na muda, badala ya kulipa yeyote asubuhi ambayo kuna msako wa polisi barabarani.

Ujumbe wa uthibitisho wa malipo msiufute. Upigeni picha ya skrini, mtumiane, ili ukae kwenye simu zote mbili pamoja na cheti. Simu ya dereva ikivunjika kwenye ajali hiyo hiyo, aliye nyumbani ndiye atakayepigia kampuni akiwa na namba ya cheti, tarehe na kodi ya malipo, na aripoti mara moja, kwa maana mikataba mingi ina muda wa kuripoti na huwa ni mfupi.